Maswali ya wasomaji: Faili la karaoke lina wenyewe wangapi?

Barua zilizotufikia safari hii nyingi ni za karaoke: kunakili, kurushiana, kupiga mbele ya wateja, kuondoa sauti ya mwimbaji. Tumezijibu kwa urefu tofauti, kila moja kwa kadiri ya mafundo yake.

SWALI: Nina kibanda cha simu Darajani. Wateja huniletea flashi na kadi za memori, nami nawawekea karaoke: nyimbo 500 kwa bei moja, 2,000 kwa bei nyengine. Siuzi nyimbo, nauza kazi yangu ya kunakili na umeme wangu. Nyimbo zenyewe nimezikuta mtandaoni bure. Kosa langu liko wapi?
Mwenye kibanda, Mjini Unguja

JIBU: Kosa, kaka, liko kwenye neno lako mwenyewe: kunakili. Haki ya mwanzo kabisa anayopewa mtunzi ni ya kuamua nani atoe nakala ya kazi yake. Na bei zako zinakukana. Unatoza kwa idadi ya nyimbo, hutozi kwa muda uliokaa kwenye kompyuta, kwa hiyo anachonunua mteja ni nyimbo.

Hebu tazama waliomo ndani ya faili moja tu. Kuna aliyetunga maneno. Kuna aliyetia lahani, yaani mahadhi ya wimbo, na katika taarab mara nyingi huyu ni mtu mwengine. Kuna walioimba na waliopiga fidla, ganuni, udi na dumbaki. Kuna mwenye rekodi, yaani aliyegharamia studio. Wawili wa mwanzo wana hakimiliki ya utunzi. Waimbaji, wapigaji na mwenye rekodi wana haki zao zinazoitwa hakishiriki. Karaoke huongeza mmoja tena, aliyeyapanga maneno yapite kwenye kioo sawa na muziki. Yule uliyemkuta mtandaoni akigawa bure huenda si hata mmoja wa hawa, na asiye na haki hawezi kukupa wewe haki. Maandishi ya "muziki huu si mali yetu" au "kwa burudani tu" yanayowekwa mwanzoni mwa mafaili hayo hayamlindi aliyeyaandika wala aliyeyanakili.

Hapa Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki Na. 14 ya 2003, na chombo chake ni COSOZA. Bara wana yao, Na. 7 ya 1999, na COSOTA. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha upande mmoja usikichukulie kuwa kimevuka bahari mpaka umeuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinyume chake, inafanya kazi pande zote mbili, nayo inagusa anayetumia kompyuta kukiuka hakimiliki. Inatenganisha aliyefanya bila biashara na aliyefanya kwa biashara, na huyu wa pili adhabu yake ni kubwa zaidi. Wewe na orodha yako ya bei umeshajiweka kwa huyo wa pili. Wala usidhani nyimbo za nje hazina mwenyewe huku. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kwa mkataba huo wimbo wa Misri, India au Marekani unalindwa hapa kama wa nyumbani, bila ya mtunzi kulazimika kuusajili.

La kufanya ni kuyatenga mafaili yako mafungu matatu: uliyonayo kwa ruhusa ya maandishi, uliyotengeneza mwenyewe kwa nyimbo zako, na yasiyojulikana yalikotoka. Fungu la tatu liache kuliuza leo. Uza flashi tupu. Kumhamishia mteja mafaili yake mwenyewe kutoka simu ya zamani kwenda mpya ni kazi safi. Kisha nenda kwa vikundi vya taarab na wasanii wa hapa hapa mjini, mwandikiane: nyimbo zipi, kwa muda gani, kiasi gani kwa kila nakala. Weka daftari lenye tarehe, jina la wimbo na idadi, na lipa kila mwisho wa mwezi kwa risiti. Mteja wa harusi anayetaka wimbo wa kikundi fulani atakuja kwako ukiwa na nakala safi yenye ruhusa, kwa sababu zile 2,000 za bure nusu yake huwa zimekatika, zina matangazo ya watu katikati, au maneno yake yamekosewa.

SWALI: Tunajiandaa na harusi ya mdogo wetu. Tumeweka karaoke tano kwenye kundi la WhatsApp la familia ili tujifunze kuimba. Tumevunja sheria?
Dada wa bi harusi, Jang'ombe

JIBU: Kipimo kinachotumika sana katika sheria za hakimiliki ni kama wapo watu nje ya jamaa na marafiki wa karibu. Kuimba sebuleni na wifi na mashangazi hakumsumbui mtu. Kundi lenye watu 300, nusu yao hamjuani, si familia tena kwa kipimo hicho. Tumeni kiungo cha mahali nyimbo zilipowekwa na wenyewe, msitume faili. Mkikodi diijei, yeye ndiye mwenye wajibu wa kuwa na nakala halali, na muulizeni kabla ya kumpa arubuni. Mkija kuweka video ya harusi kwenye mitandao, msishangae ikizimwa sauti pale karaoke inapoanza, maana mitambo yao huutambua muziki hata chini ya vigelegele.

SWALI: Mwanafunzi wangu husikiliza nyimbo za taarab na za kizazi kipya, akazipiga upya kwenye kibodi na kuzihifadhi kwa MIDI yenye maneno, aina ya .kar. Ndani hamna sauti ya mtu, hamna hata sekunde moja ya rekodi ya mwenyewe. Faili zima halifiki kilobaiti 60. Tunaweza kuzigawa kwa skuli nyengine?
Mwalimu wa muziki, Wete

JIBU: Kwa upande wa rekodi, mwalimu, umesema kweli. MIDI, iliyoanza mwaka 1983, haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti gani, ibonyezwe kwa nguvu kiasi gani, iachiwe lini, sauti hutoka kwenye kifaa kinacholifungua faili. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne ni kilobaiti chache tu, ilhali MP3 yake kwa kilobiti 128 kwa sekunde hukaribia megabaiti 4. Mwenye rekodi hana la kukudai.

Lakini noti zile ndizo lahani yenyewe, na maneno yamo humo herufi kwa herufi. Lifungue faili la .kar kwa programu ya kawaida ya maandishi, utayaona katikati ya vitu visivyosomeka: jina la wimbo linatanguliwa na @T, mstari mpya una alama ya /, na kioo kipya kina \. Hiyo ni nakala ya shairi la mtu. Marekani mwaka 1996, katika kesi ya ABKCO dhidi ya Stellar Records, mahakama ya rufaa ilisema kwamba leseni inayomruhusu mtu kurekodi upya wimbo haimruhusu kuyaonesha maneno yake kwenye kioo. Ruhusa hiyo hutafutwa peke yake. Hukumu ya kule haitufungi sisi, ila inaonesha kwa nini wachapishaji wa nyimbo duniani huiuza ruhusa ya karaoke mbali na ya kurekodi.

Kwa hiyo muimbe darasani. Sheria za hakimiliki kwa kawaida huliachia darasa nafasi ya kufundishia. Nafasi hiyo haifiki hadi kuzigawa kwa skuli nyengine. Kwa hilo mnahitaji saini mbili, ya mshairi na ya mtia lahani, na kwa nyimbo za Pemba na Unguja watu hawa hupatikana kwa kuulizia tu. Kazi ya mwanafunzi ya kupanga muziki ni yake, jina lake liandikwe, baada ya majina ya watunzi.

Tunaongeza jambo moja la ufundi kwa sababu linagusa haki nyengine ya mtunzi, ile ya kukataa kazi yake isiharibiwe. Taarab ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama Rast na Bayati ina robo toni, sauti inayokaa kati ya noti mbili za piano zinazofuatana, na kibodi ya kawaida haina. Mwanafunzi akiipiga kwa noti za piano tu, lahani inakuwa si ile. Dawa ni amri ya kupinda sauti. Kipimo chake kinaanzia 0 hadi 16,383, katikati ni 8,192, na kwa mpangilio wa kawaida kutoka katikati hadi ukingoni ni toni nzima moja. Robo toni basi ni hatua 2,048: noti ya E inayotakiwa kushushwa robo iandikwe kwa 6,144, kisha irudishwe 8,192 kabla ya noti inayofuata. Amri hiyo hupinda kila kitu kilichomo kwenye chaneli yake, kwa hiyo lahani ikae peke yake, na akodiani nyengine inayoshika sauti za chini ipewe chaneli yake. Dumbaki na rika ziende chaneli ya 10, ambayo General MIDI imeitenga kwa ngoma. Mpelekeeni mtunzi aisikilize kabla hajatia saini. Akisema "hapa mmenikosea," sahihisheni.

SWALI: Natumia programu ya akili bandia kuondoa sauti ya mwimbaji, nabaki na muziki mtupu. Naweka maneno yangu mwenyewe niliyoyatunga juu yake. Sasa si wimbo wangu?
Diijei, Michenzani

JIBU: Maneno ni yako, hongera kwa kutunga. Muziki si wako. Njia ya zamani ilikuwa kutoa upande wa kushoto kutoka wa kulia ili kilichowekwa katikati kifutike, na besi nayo ikipotea na mwangwi wa mwimbaji ukibaki. Programu za sasa, tangu Spleeter ilipotoka mwaka 2019, zinatenganisha vizuri zaidi. Lakini zote mbili zinafanya kazi juu ya rekodi ya mtu. Kilichobaki ni rekodi ile ile iliyopunguzwa, pamoja na lahani yake, kwa hiyo unahitaji ruhusa ya mwenye rekodi na ya mtia lahani kabla hujaitoa nje.

Ukitaka kufanya kazi bila kumuomba mtu, tafuta muziki wenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo mwenyewe ameshazitoa kwa kila mtu, lakini zisome herufi zake. BY inataka umtaje mwenyewe. NC inakataza biashara, na shughuli unayolipwa ni biashara. ND inakataza kubadilisha, na leseni hizo zimesema wazi kwamba kuupangilia muziki uende sawa na picha zinazotembea ni kuubadilisha. Video ya karaoke imo humo. Kwa hiyo wimbo wenye ND hautengenezi video ya karaoke hata ukigawa bure.

SWALI: Tuna mgahawa Paje. Kila Jumamosi wageni huimba karaoke. Tumejiunga na huduma ya mtandaoni, tunailipia kila mwezi, hatujaiba kitu. Tumeambiwa bado tunahitaji kibali. Kweli?
Msimamizi wa mgahawa, Paje

JIBU: Kweli, na huenda ni viwili. Cha kwanza kipo ndani ya masharti mliyoyakubali wakati wa kujiunga. Huduma nyingi za bei ya chini ni za matumizi binafsi. KaraFun, kwa mfano, wana bidhaa tofauti kwa ajili ya mabaa na mikahawa, KaraFun Business. Angalieni mmejiunga na ipi. Mkitumia ya nyumbani mbele ya wateja mmevunja mkataba hata kama kadi inakatwa kila mwezi bila kukosa.

Cha pili ni cha kupiga muziki hadharani, nacho hulipwa nchini. Hoja tunayoisikia sana ni kwamba anayeimba ni mgeni, si mgahawa. Hoja hiyo ilishafika mbali. Japani, ambako Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake ya karaoke mwaka 1971, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1988 katika kesi ya Club Cat's Eye kwamba mwenye klabu ndiye mtumiaji wa muziki, kwa kuwa mashine ni yake, nyimbo amezichagua yeye, na kuimba kwa wateja kunamletea faida. Nasi tunaona ni sawa. Jumamosi yenu inajaa kwa sababu ya nyimbo za watu, na watu hao wana haki ya sehemu yao.

Nendeni COSOZA mkiwa na maelezo kamili: viti vingapi, siku ngapi kwa wiki, muziki unatoka wapi, ukumbi wa ndani au ufukweni. Waulizeni mambo matatu, na majibu muyapate kwa maandishi. Je, kibali kinafunika nyimbo za nje pamoja na za hapa? Je, ni kupiga tu, au na kunakili kwenye kompyuta yenu? Kinaanza lini na kuisha lini? Kibali cha kupiga peke yake hakihalalishi diski yenye nyimbo 30,000 aliyokuuzieni msafiri.

Kisha muwe na karatasi ya kila usiku: tarehe, wimbo, mtunzi, umeimbwa mara ngapi. Huduma nyingi huhifadhi orodha hiyo zenyewe, ni kuitoa tu. Bila orodha fedha zinazokusanywa hugawiwa kwa kukisia, na anayekisiwa kupata kidogo ni mtunzi wa Makunduchi, si wa London. Intaneti ya pwani ikikatika katikati ya usiku, tumieni sehemu ya programu inayohifadhi nyimbo kwa kuchezwa bila mtandao, kama mpango mliolipia unayo. Kurekodi kioo ili muwe na akiba ni kunakili, na huduma hizo huukataza.

SWALI: Nyimbo za zamani sana hazina tena mwenyewe? Nataka kutengeneza karaoke za enzi za Siti binti Saad.
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Zinaweza kuwa huru, lakini kuna saa mbili za kuhesabu. Saa ya utunzi, kwa kima cha chini cha Mkataba wa Berne, ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ikihesabiwa kuanzia Januari Mosi ya mwaka unaofuata. Siti alifariki mwaka 1950, kwa hiyo alichotunga yeye mwenyewe, kwa kima hicho, kilimaliza muda mwisho wa 2000. Ila kuimba si kutunga. Shairi la mwengine lina saa ya huyo mwengine, na waliotunga kwa pamoja huhesabiwa kwa aliyekufa mwisho. Bi Kidude aliondoka Aprili 2013. Utunzi wake wowote bado utalindwa hadi mwisho wa 2063.

Saa ya pili ni ya rekodi, nayo hufuata mwaka wa kurekodiwa au kutolewa. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa lebo ya HMV. Mtu akizisafisha sahani hizo leo na kuzitoa upya, huenda akadai haki juu ya kazi yake ya kusafisha. Njia isiyo na mgogoro ni kuupiga upya wimbo uliokwisha muda wa utunzi kwa wapigaji wako mwenyewe. Ukiziweka mtandaoni kumbuka kwamba Uingereza na Umoja wa Ulaya wanahesabu miaka 70 baada ya kifo, si 50.

SWALI: Madrasa yetu inataka kutengeneza video zenye maneno ya kaswida na Maulidi ili watoto wafuatishe. Hatuuzi. Sauti tutaichukua kwenye rekodi ya madrasa nyengine.
Ustadhi, Konde

JIBU: Maneno ya Maulidi ya Barzanji, Ustadhi, ni ya karne ya 18, hayana hakimiliki ya mtu, yaandikeni mtakavyo, kwa Kiarabu au kwa hati za Kilatini. Tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa karibuni ina mwenyewe, ambaye ni mfasiri. Kaswida mpya ina aliyeitunga. Na sauti ile ina wenyewe walioimba, wengine wakiwa watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa kuhusu video yenu. Kutouza kunapunguza uzito wa jambo, hakuliondoi. Kwa kuwa watoto wenu wanaimba, warekodini wao: chumba chenye mazulia na mapazia, maiki moja umbali wa kama mita moja na nusu mbele ya nusu duara, feni izimwe. Mkishindwa, ujumbe wa maandishi kwa ustadhi wa madrasa ile, mkieleza mtaitumia wapi, naye akajibu "tumeruhusu", unatosha kuwa ushahidi. Uhifadhini.

SWALI: Sisi ni kikundi cha taarab Chake Chake. Watu wanatuomba karaoke za nyimbo zetu. Tunataka kuzitengeneza na kuziuza wenyewe, ila tunaogopa tukiuza moja, kesho iko kila simu. Tuanzie wapi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Barua hii ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote, kwa sababu karaoke za taarab zilizotengenezwa na wenyewe ni chache mno, na pengo hilo ndilo linalojazwa na wasio wenyewe.

Anzieni kwenye karatasi. Kila wimbo uwe na yake: jina, tarehe ya kurekodi, mshairi, mtia lahani, waimbaji, wapigaji, studio, aliyelipa. Andikeni mgao wa kila mmoja, jumla iwe 100, wote watie saini. Mwimbaji aliyehama kikundi hakuhama na haki zenu, wala nyinyi hamkubaki na zake, mtafuteni. Mshairi wa nje aliyewapa shairi muliimbe jukwaani hajasema kwamba aliwapa ruhusa ya kulionesha kwenye kioo na kuliuza. Akiwa amefariki, warithi wake ndio wa kuulizwa. Na kama rekodi ilifanywa na redio au studio bila mkataba, ulizeni kwanza ni ya nani. Isipoeleweka, rekodini muziki upya; gharama ipo, lakini mtakachopata ni chenu moja kwa moja.

Studio iwape kila ala peke yake, kwa WAV ya biti 24, si MP3 iliyochanganywa. Wekeni kwenye diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyengine. Katika kuchanganya kwa karaoke ondoeni mwimbaji mkuu, waitikiaji muwaache, maana mwimbaji wa harusini huwategemea kujua yuko wapi. Muziki wa kufungulia ukiwa mrefu, kioo kisibaki cheusi, watu watadhani kimeharibika na kubonyeza ovyo. Andikeni "Muziki", na mapigo manne ya mwisho yahesabiwe.

Tengenezeni aina mbili. MP4 kwa simu na televisheni, na MP3 pamoja na CDG kwa mashine za karaoke. CDG ni faili la picha tu, dogo na la zamani: nukta 300 kwa 216, rangi 16, na linasoma baiti 7,200 kila sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika nne una CDG ya karibu megabaiti 1.7. Likiwa dogo sana kuliko hapo, limekatika. Kioo chake hakibebi mstari mrefu. Shairi la mizani 16 likateni penye kina cha kati, nane juu, nane chini. Herufi zinatosha na mwimbaji anavuta pumzi pale pale mshairi alipoiweka. Mistari minne kwa kioo inatosha.

Yanayoharibika zaidi ni haya. Maneno kukimbia au kuchelewa kidogo kidogo: mara nyingi MP3 imehifadhiwa kwa kasi inayobadilika. Tumieni kasi moja, kilobiti 192 au zaidi, sampuli 44,100. Maneno kuchelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo: mtu alikata ukimya wa mwanzo baada ya kuyapanga. Muziki kulia bila maneno: mafaili mawili hayana jina moja, au limetumwa moja. Majina yafanane herufi kwa herufi isipokuwa mkia, na yote mawili yafungwe ndani ya ZIP bila folda katikati.

Kuhusu hofu yenu, kufuli za kompyuta hazizuii mtu kurekodi kioo. Kinachosaidia ni alama. Kioo cha kwanza, sekunde tano au sita, kitaje mshairi, mtia lahani, kikundi na mwaka, kisha namba ya nakala inayolingana na risiti ya mteja. Namba hiyo iandikwe pia kwenye taarifa za ndani za MP3. Nakala ikizagaa mtajua ilianzia risiti ipi. Sajilini kazi COSOZA. Ulinzi hausubiri usajili, ila siku ya ubishi mtakuwa na tarehe. Mkichukua ISRC, ile namba ya tarakimu na herufi 12 inayotambulisha rekodi, karaoke ipewe yake, isitumie ya wimbo wenye sauti. Na kampuni inayowasambazia mtandaoni muiambie isiiingize karaoke kwenye Content ID, mtambo wa YouTube unaoutambua muziki wa mtu ndani ya video za wengine. YouTube haikubali rekodi za karaoke kuwa kielelezo huko, kwa kuwa muziki wake haupambanuki na wa asili, na matokeo ni madai yasiyo sahihi, hata juu ya video zenu wenyewe. Wimbo wa asili ndio uingizwe.

Wekeni bei mbili, ya nyumbani na ya biashara. Kwenye risiti ya nyumbani andikeni hivi: "Nakala hii ni ya kuimba nyumbani na katika shughuli za familia. Hairuhusiwi kuinakili kwa mwengine, kuiuza, kuipandisha mtandaoni wala kuipiga mahali pa biashara bila idhini ya kikundi." Chini yake iwepo namba ya simu ambayo kweli kuna mtu wa kuipokea, maana mwenye hoteli anayetaka kulipia ruhusa akakosa wa kumuuliza atanakili.